Shaba Laini

Fikirini, fundi friji wa mtaa wa pili, hakuja kumharibia mtu siku. Alikuja kutengeneza friji ya Badria iliyogoma kugandisha barafu tangu Jumapili, tena alikuja asubuhi kama alivyoahidi, jambo ambalo kwa fundi wa Ilala ni muujiza wa kutosha. Alipiga magoti nyuma ya friji, akagonga hapa, akanusa pale, mwisho akatoa kichwa na kutangaza kwamba paipu imetoboka.

"Kapaipu kadogo tu, shemeji. Nakata kipande, nachomelea, najaza gesi, kesho unauza barafu zako. Ila kopa, shaba yenyewe, sijabeba. Itabidi nikimbie Kariakoo mara moja."

Kisha macho yake yakatua ukutani, kwenye msumari palipotundikwa kipande cha paipu nyekundu, nyembamba, kama nusu mita hivi.

"Kumbe mnayo! Hii hii inanitosha."

Badria alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Akacheka. "Iache hiyo. Hiyo ya breki, ya Baba Husna. Ukiigusa utaongea naye mwenyewe."

Fikirini alikuwa keshaitungua. Aliikunja kwa kidole gumba, ikakunjika bila ubishi. Akaikwaruza kwa ncha ya kisu, akaisogeza mwangani.

"Ya breki wapi, shemeji? Hii kopa ya friji. Mimi nashika kopa kila siku ya Mungu, utanidanganya mimi?"

"Una hakika?"

"Labda mumeo, fundi Twaha, ana kazi yake nyingine. Hawezi kuweka hii kwenye breki, yule. Breki ina kishindo! Unakanyaga, mafuta yanasukumwa humo ndani kwa nguvu zote. Hii laini itavumilia leo, itavumilia kesho, keshokutwa imechoka. Siku ikipasuka, unakanyaga pedeli inazama mpaka chini kama umekanyaga uji."

Alisema kwa furaha ya mtu anayeeleza kazi anayoijua, akarudi zake nyuma ya friji. Badria alibaki na ungo mapajani. Mchele haukupepetwa tena.

Paipu ile aliinunua yeye, kwa mkono wake, Alhamisi iliyopita. Mita nne. Nusu ndiyo hiyo. Tatu na nusu zilizobaki zilikuwa chini ya Pijo nyeupe ya Mzee Ignasi wa Tabata, na Pijo hiyo leo saa nne asubuhi ingeondoka Mnazi Mmoja kwenda Mbinga, na ndani yake Mzee Ignasi, mama yake mzazi, binti yake Violeth, na watoto wawili wa Violeth. Badria aliangalia saa ya ukutani. Saa tatu kasoro dakika tano.

Angeweza kunyamaza, na tusimhukumu kwa hilo, maana wengi wetu tungelianza hapo hapo. Breki zilikuwa zinashika. Mwenye gari alilijaribu, akashukuru, akalipa, akaondoka. Badria alijiambia hayo yote kwa haraka, moja baada ya jingine, na kila alipofika mwisho aliwaona wale watoto wawili walivyokuja kusubiri gari uani kwake, mdogo akila ubuyu, mdomo mwekundu hadi puani.

Akaweka ungo chini, akatoka.

Twaha alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapanga nati kwenye makopo ya maziwa. Alizipanga bila kuziangalia. Kila moja aliizungusha mara moja kati ya vidole viwili, akaitia kwenye kopo lake, na Badria siku zote aliuona huo kuwa ufundi wa miaka thelathini. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, hilo lilijulikana. Daktari alikwisha sema apasuliwe. Lakini la kulia, mwenyewe alizoea kujigamba, lilikuwa linaona mpaka Kigamboni. Kilichomsumbua zaidi, kwa maelezo yake, ni magoti, na ndiyo maana tangu Ramadhani mkewe ndiye aliyekuwa anakwenda kumnunulia vifaa.

"Baba Husna."

"Naam."

"Ile paipu niliyokuletea ya Pijo. Fikirini kaona kipande kilichobaki. Anasema ni ya friji."

Twaha hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliiweka nati aliyokuwa nayo juu ya goti lake, polepole, akanyoosha mkono. "Lete."

Aliipapasa. Akaikunja, akainyoosha, akaikunja tena.

"Ulisema umechukua dukani kwa Nurdin."

"Nilisema Nurdin kafunga. Nikachukua fremu ya pili yake."

"Wanaondoka saa ngapi?"

"Saa nne."

"Piga simu."

Badria alipiga. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena, akaambiwa vile vile. Mzee Ignasi alikuwa mtu wa kuzima simu safarini ili isile chaji, na namba ya Violeth hawakuwa nayo.

"Chukua mfuko wa vyombo," Twaha alisema, akisimama. Akajikwaa kwenye kopo moja, nati zikamwagika zikatapakaa uani, na yule mtu ambaye hakuwahi kuacha hata nati moja chini akazikanyaga akapita.

*

Bajaji ilikwama Msimbazi. Mbele yao mkokoteni wa magunia ulikuwa umelala upande, na wenye mkokoteni na mwenye gari dogo walikuwa wanatukanana kwa zamu. Dereva wa bajaji alizima injini ili asikilize vizuri. Badria aliangalia simu yake. Saa tatu na dakika ishirini na tano.

"Nurdin hakufunga," alisema.

Twaha alikuwa ameukumbatia mfuko wa vyombo kifuani. Hakugeuka.

"Nilimpita. Kwake mita ni elfu kumi na mbili. Yule wa pili akaniita, mama karibu, akaniambia mita elfu tano, kitu ni kile kile, mafundi wote wanachukua hapa. Nikamwuliza ni ya breki? Akasema kwani unaona ya nini?" Akashusha sauti ili dereva asisikie. "Moyo wangu uliniambia hapana. Wallahi uliniambia. Lakini nikapiga hesabu, ishirini na nane elfu inabaki. Nimeifunga kwenye kanga. Sijaila hata shilingi. Ni ya jicho lako."

Hapo ndipo alipotegemea hasira. Alizisubiri kwa hamu, kama mtu anayesubiri sindano ipite. Mkokoteni ukanyanyuliwa, bajaji ikaanza kusogea, na Twaha bado ameukumbatia mfuko wake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilipoikunja. Shaba ya breki inabisha, Mama Husna. Ina nikeli ndani, ukiikunja inakurudishia kidogo mkononi, unaisikia. Hii haikubisha. Nilizunguka nayo ekseli nzima kama nafunga kamba ya kiatu. Nikajiambia labda wameleta aina mpya."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeniambia niangalie rangi."

Badria alimtazama. Hakuelewa. Rangi ndiyo kitu cha kwanza mume wake alichomfundisha: ya friji ni nyekundu kama sufuria mpya ya shaba, ya breki ina weupe wa fedha ndani yake. Kwa nini asingeangalia rangi? Akataka kuuliza, lakini dereva alikuwa keshasimama na anadai hela yake.

*

Pijo ilikuwa pale pale, kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, na Badria alipoiona alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Watu kama kumi na tano, jamaa na wakwe wa Mzee Ignasi, waliizunguka. Wale wasioweza kusafiri walikuwa wameleta mizigo ya kupeleka nyumbani: ndoo, kanga, mifuko ya sukari, bahasha. Jumamosi ilikuwa misa ya kaburi la baba yake Mzee Ignasi, yule yule aliyeinunua Pijo hiyo enzi zake akaiacha kwa mwanawe, na kaburi lilikuwa linakwenda kujengewa. Kwa hiyo juu ya gari palifungwa msalaba wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, na nyuma palikuwa na maboksi sita ya vigae na mifuko miwili ya saruji. Makalio ya gari yalikuwa karibu yaguse lami.

Badria aliutazama mzigo ule akazikumbuka hadithi za Lukumburu, ile milima kabla ya Songea ambako barabara hushuka na kupinda, hushuka na kupinda, na madereva wanaoijua huanza kumwomba Mungu wakiwa bado Njombe.

"Fundi Twaha!" Mzee Ignasi alipaza sauti. Alikuwa amevaa suti ya kaki na furaha ya mwenye safari. "Umekuja kutuaga? Watu wa Pwani mna utu, jamani."

"Mzee Ignasi, gari lisiondoke."

"Unasemaje?"

"Paipu niliyokufungia siyo yenyewe. Ni laini. Inabidi niitoe."

Kelele za pale zikapungua. Violeth, aliyekuwa ameshikilia mwavuli juu ya kichwa cha bibi yake, akageuka.

"Breki zinashika," alisema Mzee Ignasi. "Nimetoka nalo Tabata mpaka hapa. Zinashika kuliko zamani! Ngoja uone." Akaingia ndani, akakanyaga pedeli mara tatu. Ilikuwa ngumu safi. "Unaona? Jiwe!"

"Naona. Leo zitashika. Mimi nakuambia habari ya Lukumburu."

"Habari ya Lukumburu unaniambia mimi? Mimi nimezaliwa kule." Akashuka, akasogea karibu, akashusha sauti, lakini si kiasi cha kutosikika. "Fundi, kama kuna shida ya hela nyumbani sema tu. Usinizungushe mbele ya wakwe zangu. Nilikulipa, hukunilalamikia. Leo nina safari ndiyo paipu imeharibika?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwingine akasema mafundi wa mjini ndivyo walivyo, wanakuachia ugonjwa ili urudi. Badria akasogea mbele.

"Kosa ni langu, baba," alisema. "Mimi ndiye niliyenunua. Niliuziwa ya friji."

"Wewe? Sasa fundi ni nani kati yenu, wewe au yeye? Wewe ukileta ya friji yeye haoni?"

Lilikuwa swali la hasira tu, halikungoja jibu. Lakini Twaha alilijibu.

"Sioni," alisema.

"Nini?"

"Mimi sioni, Mzee Ignasi. La kushoto limekwisha, na hili la kulia nalo lina ukungu tangu mfungo. Hapo ulipo nasikia sauti yako na naona kaki. Gari lako nilifunga kwa vidole. Vidole viliniambia paipu si yenyewe, nikaona aibu kusema, kwa sababu ningeulizwa ulivyoniuliza wewe sasa hivi."

Badria alisikia maneno hayo pamoja na watu baki, na hilo ndilo lililomkata zaidi. Magoti! Miezi yote hiyo alikuwa anamkanda magoti kwa mafuta ya nazi, na magoti yenyewe yalikuwa mazima. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humwumbua, na hapa kifo kilikuwa tayari kimeketishwa kiti cha nyuma na watoto wawili.

Mzee Ignasi alimtazama fundi, akaitazama saa yake, akawatazama wakwe. Ungeona jinsi anavyopima. Misa ilikwisha tangazwa, padri alikwisha alikwa, ng'ombe alikwisha nunuliwa. Na breki zilikuwa jiwe.

"Twendeni," alisema. "Nitakwenda polepole. Violeth, mpandishe bibi."

Akazunguka kuelekea mlango wa dereva. Ilikuwa hatua nne, haikuzidi, na katika hatua hizo nne Twaha alilala chini, akajisukuma kwa visigino mpaka miguu tu ndiyo iliyobaki nje. Badria alisikia vyombo vinagongana. Kisha mlio mdogo wa koleo, kama mtu anayekata ukucha.

"Anafanya nini huyo? Anafanya nini?"

Mafuta ya breki yalianza kudondoka kwenye lami, tone, tone, halafu yakawa mfereji. Mzee Ignasi alimshika Twaha kifundo cha mguu akamvuta nje, shati likapanda mpaka kifuani, tumbo la fundi likabaki wazi mbele za watu. Alikuwa ameshika vipande viwili vya paipu nyekundu. Uso wake ulikuwa umejaa mafuta, na macho yake, sasa Badria aliyaona, yalikuwa hayamwangalii mtu yeyote.

"Umekata!" Mzee Ignasi alimpokonya kipande kimoja. "Umekata breki za gari langu!"

"Nimekata. Sasa haliwezi kuondoka."

Mtu mmoja alimpiga Twaha kofi la kisogoni. Violeth ndiye aliyeingia kati, mwavuli na yote, akapiga kelele kwamba hapa ni msiba au ni ngumi. Na katikati ya zogo hilo bibi akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye ameuliza mara nyingi hajajibiwa, kama kuna mahali karibu pa kwenda haja.

*

Kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu, na Badria hakumbuki aliuendaje. Aliwapita wachuuzi wa mitumba, akapigwa kumbo na mpagazi wa maboksi, akatukanwa, hakujibu. Mkononi alishika pindo la kanga lenye ile elfu ishirini na nane. Kwenye pochi alikuwa na elfu thelathini ya kumlipa Fikirini. Friji ingengoja.

Nurdin alikuwa amekaa dukani kwake, nyuma ya meza ya kioo, chini ya mikanda ya injini iliyoning'inia. Jamaa wa fremu ya pili alipomwona Badria alijifanya anahesabu boliti.

"Mama Husna! Alhamisi ile ulinipita kama hunijui. Nikasema leo nimemkosea nini shemeji yangu?"

Njia ya mwongo ni fupi. Badria akaenda moja kwa moja kwenye shida. "Paipu ya breki. Mita nne. Na kisu."

"Kisu cha nini?"

"Nataka kuikwaruza."

Nurdin aliacha utani. Alishusha rola ya paipu, akakata kipande kidogo, akampa. Badria alikikwaruza mwenyewe, palepale mlangoni kwenye jua. Chini ya uchafu palikuwa na wekundu uliofifia, wenye weupe wa fedha ndani yake. Akakikunja kwa gumba. Kilikunjika, lakini kilibisha. Kilimrudishia kidogo mkononi, kama Twaha alivyosema, na Badria akataka kulia hapo hapo dukani kwa watu. Kitu chenyewe kilikuwa wazi kiasi hicho. Hata mtoto angekisikia.

"Ndiyo hii," alisema.

"Sasa kwani ile ya jirani ulipeleka wapi?" Nurdin aliuliza, akamwona uso, akaona bora apime mita.

*

Aliporudi, watu walikuwa wamepungua. Mzee Ignasi alikuwa amempigia simu fundi mwingine, Hamis wa Gerezani, kijana aliyevaa ovaroli safi lenye mifuko mingi. Hamis alikuwa amechuchumaa kando ya Twaha, na Badria alisikia anamwamkia kwa heshima zote. "Shikamoo, fundi." Heshima hiyo nayo iliuma, maana ilikuwa ya kumpa mtu pole.

"Marahaba. Mzee kakuita uifunge wewe?"

"Kaniambia niangalie, fundi. Wewe funga. Mimi nitaangalia."

Twaha alikata paipu kwa kipimo cha zile za zamani, akatia nati, akabana ncha kwenye chombo cha kukunjia mdomo. Mdomo wa paipu ya breki hukunjwa mara mbili, ukajilalia wenyewe, na ukitoka na ufa hata wa unywele mafuta yatapita. Alikaza, akalegeza, akatoa. Akaupitisha ukucha kwenye mdomo ule mara moja, mara mbili. Kisha, mbele ya Hamis, mbele ya Mzee Ignasi, mbele ya wakwe, akauinua na kuuelekeza aliposikia pumzi za mkewe.

"Niangalizie."

Badria aliinama. "Upande huu una ufa."

"Wapi?"

Alimshika kidole akakiweka. "Hapa. Mwembamba."

Twaha akakata ile ncha, akaanza upya. Ya pili ilitoka nzuri. Ya tatu ilikuwa na ufa. Ya nne nzuri, ya tano nzuri. Jua lilikuwa limepanda, na lami ilikuwa inachoma kupitia mkeka walioazima. Vijana wa pale walikuwa wamesimama wanatazama jinsi mwanamke mwenye kanga anavyomwambia fundi rudia, na fundi anarudia.

Paipu ilipokaa, zamu ikawa ya kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, kazi inayotaka watu wawili. Twaha aliingia chini na spana. "Mama Husna, panda juu."

Badria hakuwahi kukaa kiti cha dereva maishani mwake. Alipanda.

"Kanyaga!" sauti ilitoka chini. "Kanyaga... kanyaga... shika hapo!" Pedeli ikazama chini ya mguu wake. "Achia. Kanyaga tena!"

"Mama kapewa gari!" kijana mmoja alishangilia, wenzake wakacheka. Badria alikanyaga. Alikanyaga mpaka paja likamtetemeka, na kidogo kidogo pedeli ikaanza kubisha, ikawa ngumu, ikawa jiwe kama ilivyokuwa asubuhi. Hilo ndilo lililomtisha. Chini ya mguu hakukuwa na tofauti yoyote.

Hamis aliingia chini na tochi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono.

"Kazi nzuri," alimwambia Mzee Ignasi. "Hata mimi nisingefunga hivi."

"Na ile ya mwanzo?" Mzee Ignasi alimwonyesha kipande chekundu. "Wewe kijana niambie ukweli. Ingepasuka?"

Watu wote walimtazama Hamis. Badria alijikuta anaomba, na Mungu amsamehe, kwamba jibu liwe ndiyo. Hamis alikikunja kile kipande, akakikunjua.

"Mzee, siwezi kukudanganya. Ingeweza kukaa mwaka mzima. Au ingepasuka kesho pale Lukumburu. Hii huwezi kuijua mpaka ipasuke."

Mzee Ignasi alikitupa barabarani. Hakusema asante, wala hakutukana tena. Bibi alipandishwa, watoto wakapandishwa, na Pijo ikaondoka saa nane na nusu mchana, msalaba ukiyumba juu. Violeth peke yake ndiye aliyechungulia dirishani, akamwomba Badria namba yake ya simu.

*

Ijumaa ilikuwa ndefu. Hakuna gari lililokuja, na mmoja aliyekuwa ameacha Korola yake uani alikuja kuichukua, akasema amepata dharura, hakumwangalia mtu usoni. Habari za Mnazi Mmoja zilikuwa zimefika Ilala kabla yao. Fikirini alikuja na mkokoteni kuchukua friji. Badria alikuwa amemuuzia vile vile mbovu, kwa bei aliyotaja Fikirini mwenyewe, kwa sababu Jumatatu walikuwa wanakwenda hospitali kwa macho yote mawili, na hospitali hawachukui ahadi.

Twaha alirudi kutoka msikitini akakaa kwenye kigoda chake. Hawakuzungumza juu ya magoti. Chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa bado dirishani, na Badria hakujua aiondoe au aiache. Kila simu ilipolia mmoja wao alishtuka. Ilikuwa mtu anatafuta barafu. Halafu mtu kakosea namba. Saa tisa, Badria alihesabu, kama walilala njiani, wako Njombe. Saa kumi, wameshaanza kushuka. Saa kumi na nusu aliacha kuhesabu, akachukua fagio akafagia mahali alipokwisha fagia, na katika kufagia akaokota nati zilizomwagika jana, moja moja, akamtilia mumewe mkononi, naye akazizungusha na kuzitia kwenye makopo.

Saa kumi na moja kasorobo ujumbe uliingia.

Badria aliusoma kimya kwanza. Twaha alisikia pumzi zake zimebadilika.

"Nani?"

"Violeth."

"Soma."

"'Shikamoo mama. Tumeshuka Lukumburu salama, mvua ilikuwa inanyesha. Breki zimeshika vizuri.'" Akanyamaza.

"Umefika mwisho?"

"Bado."

"Soma yote, Mama Husna."

"'Baba anasema tukirudi gari atakuwa anampelekea Hamis. Kaniambia niandike hivyo hivyo. Nisamehe mama.'"

Twaha alitikisa kichwa polepole. Alikuwa na nati moja kati ya vidole vyake, aliizungusha, akaizungusha tena, kama aliyesahau kopo lake ni lipi.

"Soma tena," alisema.

"Yote?"

"Hapana. Pale pa Lukumburu tu."

Badria akamsomea. Alipomaliza, bila kuombwa, akapasoma mara ya tatu.